Nilivyopanga historia ya maduka ya mall moja, fremu kwa fremu

Jamani hii kazi inawezekana, mtu asikutishe. Kuna mall moja kubwa Marekani nilitaka kujua kila fremu ilishapangwa na nani tangu ifunguliwe, na mimi sikufuata majina ya maduka, nilifuata namba za fremu. Jina linaondoka, linarudi, linahamia upande wa pili wa korido, ila fremu iko palepale, labda wavunje ukuta waunganishe mbili, hapo unaandika namba zote kwenye mstari mmoja basi.

Namba nilizitoa kwenye zile ramani za kuelekeza wateja. Za karatasi watu wameziskani, za miaka ya karibuni niliingia Wayback Machine (tovuti inayohifadhi kurasa za zamani za mtandao) nikaweka adresi ya tovuti ya mall nikawa nafungua mwaka mmoja mmoja. Shughuli iko kwenye picha za zamani za mall yenyewe, nyingi hazina tarehe. Nikaamua maduka yenyewe yaniambie mwaka: ukiona bango la Marshall Field's au Filene's (maduka makubwa ya zamani ya huko) jua ni kabla ya Septemba 2006, mwezi huo maduka kama 400 yaligeuzwa kwa mpigo yakawa Macy's (kwahiyo hapo mpangaji hajahama, kabadilishwa jina tu, usimhesabu mara mbili). Ukiona Borders, lile duka la vitabu, iko wazi, haijapita 2011. Na bango likibanduliwa ukuta unabaki na alama za herufi, kuza picha utasoma jina la zamani vizuri tu.

Nilipomaliza kupanga ndo utamu ukaja. Duka kubwa la mwisho wa korido likifunga, fremu ndogo za njia hiyohiyo nazo zinaanza kubaki tupu, maana mikataba mingi ya mall ina kipengele kwamba mkubwa akiondoka wadogo wanaruhusiwa kulipa kodi pungufu au kuvunja mkataba. Kwahiyo fremu nyingi zikifungwa karibu kwa pamoja mimi siharakishi kusema wauzaji walishindwa biashara, naangalia kwanza nani kaondoka pale mwisho. Baadaye zinaingia gym, kliniki, na wale wapangaji wa msimu wa sikukuu, hao niliwapa rangi yao kwenye Excel wasichanganywe na wa kudumu.

Rekodi za miaka ya 80 bado zina mapengo, hizo nazitafuta kwenye matangazo ya magazeti ya zamani, duka jipya likitangaza ufunguzi mara nyingine linataja limepakana na nani.