Ua moja la kokoa

Leo alfajiri, kabla jua halijawaka hapa Kyela, nimechuchumaa karibu nusu saa mbele ya shina la mkokoa nikitazama ua moja tu. Maua ya kokoa hayasubiri vitawi, yanachomoza kwenye gamba la shina. Ni madogo kama kifungo cha shati, na kila petali imejikunja mfano wa kofia, chavua ikafichwa ndani. Nyuki mlango huo haumtoshi.

Ndipo akatua usubi. Mweusi, mdogo kuliko punje ya ulezi. Nilimsogezea kamera ya simu, nikamwona akijipenyeza kofiani, akatoka, akaingia tena. Moyo ulinienda mbio.

Huku kwetu ukitaja usubi, watu wanakumbuka vidonge vya kila mwaka na ule ugonjwa wa upofu. Ule unaletwa na inzi weusi wa mtoni, ukoo mwingine kabisa. Hawa ninaowasema kitaalamu ni Ceratopogonidae, wana aina zaidi ya 5,000, wengi wao wakiwa na urefu wa milimita moja hadi tatu. Baadhi wanauma na kunyonya damu. Wa jamii ya Forcipomyia ndio wachavushaji wakuu wa kokoa, na bila wao tungevuna nini?

Wanazaliana kwenye uozo wenye unyevu: majani yaliyoanguka, maganda ya kokoa, magogo ya migomba. Hapo ndipo ninapoumia. Mwaka juzi nilifyeka na kufagia shamba lote, nikakokota kila gogo la mgomba hadi kwenye moto. Bibi alisimama mlangoni akaniambia, "Mjukuu wangu, hayo magogo yaache yaoze pale pale, ni chakula cha kokoa." Nikamjibu kwamba uchafu unaleta magonjwa. Hakubishana nami.

Sisemi moto ule ndio uliopunguza mavuno yetu, maana hata mti wenye afya hudondosha maua mengi kuliko unayoyashika. Lakini nyumba zao nilizichoma kwa mikono yangu, na Bibi alinionya.

Mchana nimekata magogo matatu ya mgomba vipande vipande, nikayapanga kivulini kati ya mikokoa. Bibi amekuja na kigoda chake, akakaa kunitazama. Nimemwomba radhi.

Ua lisilochavushwa huanguka kwa siku moja au mbili. Lile la asubuhi nimeliwekea alama ya uzi mwekundu.