Kidole cha Tano

Mwaka 2014, masika yalipokatika, nilikwenda msitu wa Jozani, Unguja, na karatasi sita nzito, kalamu ya wino, kisanduku cha rangi za maji na penseli za rangi nilizozifunga kwa mpira. Nilimtaka kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja tu.

Kundi nililikuta kwenye mashamba ya kusini mwa msitu, juu ya mti wa mkungu, likichuma majani machanga. Jike mmoja alitulia tawi la chini: nywele nyeupe zimemtimka kichwani, mgongo rangi ya kutu, mabega meusi, midomo ya waridi. Nikamchora upesi kwa penseli, kisha nikapitisha wino. Wino ule ukikauka hauyeyuki kwa maji, ndiyo maana rangi hupakwa juu yake bila kuchafuka. Lakini pia haufutiki.

Mwenye shamba, mzee wa makamo ya babu yangu, alikuja akasimama nyuma yangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu." Akatazama kitambo. "Mbona umemzidishia kidole?"

Kima punju hana dole gumba. Ana vidole vinne virefu, vimepinda kama kulabu, na pahala pa gumba pana kinundu tu. Nilikwishalisoma hilo, hata kolobasi, jina la jamii ya kima hawa, limetokana na neno la Kigiriki la kitu kilichokatwa. Lakini mkono wangu ulikuwa umechora mkono wangu.

Babu akanipeleka alipochomea makaa. "Kaa hapa, watakuja." Wakaja kweli, wakaokota vipande vya makaa na kuvitafuna. Wataalamu wanasema makaa hunasa sumu iliyomo kwenye majani ya mikungu na miembe. Mimi nilikuwa natazama mikono tu: vidole vinne vinakumbatia kaa, linabanwa na kiganja, linapelekwa mdomoni.

Karatasi ya pili nilianza na mkono. Tumbo sikulipaka kitu, weupe wake ni karatasi yenyewe. Mgongo niliupaka mara mbili, na kwa unyevu wa kule rangi ilichelewa mno kukauka. Mwisho zikaja penseli, unywele mmoja mmoja, kwa kufuata ulalo wa manyoya.

Babu aliinama na kijiti, akahesabu bila kuigusa karatasi. "Moja, mbili, tatu, nne. Haya, huyu sasa kima."