Bakuli Nusu la Chai

Bukhara, Jumatano usiku

Mume wangu ameacha kusema "hawa ni wenzetu." Tulipopanga safari hii ya kula kiinua mgongo, watu walituuliza kwa nini Uzbekistan, na jibu lake lilikuwa moja: kule ni kwa Waislamu, wana pilau, wana chai, hatutakuwa wageni. Istanbul tulipita tukiwa tumejiandaa kushangaa, na hatukushangaa sana. Huku, ambako karibu kila kitu tunakijua kwa jina, ndiko tunakoduwaa kila kukicha.

Chai, kwa mfano. Mama mwenye nyumba tuliyofikia hutumiminia chai ya kijani kwenye bakuli dogo lisilo na mkono. Humimina bakuli la kwanza akalirudisha kwenye birika, akamimina tena akarudisha, mara tatu. Ndipo anapokupa, kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa kifuani. Na anakupa nusu. Mara nyingine hata nusu haifiki. Mwanzoni mzee alinung'unika kwa Kisambaa ili asieleweke, kana kwamba Kiswahili kingeeleweka. "Huyu mama ana mkono wa birika," akasema, birika lenyewe likiwa mbele yake.

Binti wa nyumba, anayesomea Kiingereza, ndiye aliyetufumbulia. Nusu ni heshima. Mwenyeji anajiachia nafasi ya kukuhudumia tena na tena, na chai haipoi. Ukiona bakuli limejaa hadi mdomoni, elewa kuwa muda wa kuaga umewadia. Tangu siku ile mzee akipokea bakuli hulichungulia kwanza ndipo anywe.

Pilau nayo. Ijumaa nilikaa uani nikitazama ikipikwa kuanzia moto hadi sinia. Mpishi mwanamume, kama kwetu kwenye harusi. Chombo chao ni kazan, chungu kizito cha chuma chenye kitako cha mviringo. Mafuta ya pamba yaliachwa hadi yakafuka moshi, ikaingia nyama ya kondoo, vikaingia vitunguu, kisha karoti za njano, rundo zima, zimekatwa kwa kisu vijiti virefu vyembamba. Nilipoashiria kwamba zingekwaruzwa upesi, yule bwana alinitazama kama niliyetukana. Bizari nyembamba ilipotiwa nilifurahi, nikasubiri iliki, mdalasini na karafuu. Hazikuja. Vitunguu saumu vilizamishwa vizima na maganda yake, mchele ukatandazwa juu, maji, kimya. Hakuna kukoroga. Mwisho mchele ulikusanywa ukawa kichuguu, ukatobolewa mashimo ya mvuke na kufunikwa.

Wanaiita osh, na wana haki ya kuringa nayo: mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa pilau yao kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na majirani zao wa Tajikistan nao wakaingiziwa wa kwao mwaka huohuo. Mimi nilikula nikaongeza, ila moyoni niliuhurumia ule mchele usioijua karafuu. Mume wangu kasema imeishinda yangu. Hilo tutaliongea Tanga.

Samarkand sitaiandika sana, kila mtu ameiona kwenye picha. Registan, uwanja uliozungukwa na madrasa, ni nzuri hadi inachosha. Vyumba walimolala wanafunzi sasa ni maduka ya skafu na sahani. Kilichotusimamisha ni lango la madrasa ya Sher-Dor, ya karne ya 17: wanyama wakali wenye milia wakikimbiza paa, na migongoni mwao majua yenye nyuso za watu. Madrasa! Mzee, aliyekatazwa chuoni kuchora hata kuku, alizunguka mbele ya lile lango kwa muda mrefu.

Tulikokwenda kwa nia hasa ni nje ya mji, kaburini kwa Imamu Bukhari, mkusanyaji wa hadithi za Mtume. Kila Ramadhani tangu utotoni tumesikia "amepokea Bukhari," mpaka jina likawa halina mtu ndani yake. Kumbe alizaliwa hapa Bukhara mwaka 810, akaondoka hapa kwa ugomvi. Inasimuliwa kwamba gavana alimtaka aende kuwafundisha wanawe kwenye kasri, akakataa: elimu hufuatwa, haipelekwi mlangoni kwa mkubwa. Alifariki mwaka 870 kijijini karibu na Samarkand. Mume wangu, mwalimu mstaafu aliyewahi kuombwa na wakubwa wengi "ampitie kijana nyumbani jioni," amekirudia kisa hiki hadi dereva wa teksi amekikariri.

Kwenye maziara wanawake ni wengi. Wanaketi kwenye mabenchi, anakuja msomaji, anasoma aya chache kwa sauti nyororo, wote wanainua viganja na kujipangusa uso. Waliokuwa wakipita hukaa nao, kisha kila mtu huenda zake. Kwetu nusu ya msikiti ingesimama kubishana kama inafaa. Mzee mwenyewe yumo katika nusu hiyo, lakini alikaa, akainua viganja. Usiku nikamuuliza. "Mama, nchi hii imekaa na Wasovieti mpaka 1991," akasema. "Wewe ungeanza kumsahihisha bibi gani?"

Leo asubuhi tulikuwa mbele ya madrasa ya Mir-i Arab, ya karne ya 16. Ilifungwa, ikaruhusiwa tena baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na kwa miaka mingi ikawa madrasa pekee iliyofundisha katika Umoja wa Kisovieti mzima. Bado ni chuo, kwa hiyo mtalii anaishia mlangoni. Nilichungulia: vijana wenye kofia nyeusi, mmoja akimkimbiza mwenzake kwa kandambili mkononi.

Kesho ni treni ya Khiva, siku karibu nzima jangwani. Mzee amenunua mikate ya kulisha behewa zima, ameilaza kifudifudi mezani, na mama mwenye nyumba kila akipita anaigeuza.