Bustani inayobebeka: nilivyolima kwenye uwanja ambao si wangu

Koleo liligonga zege kabla halijazama hata nusu. Nikasogea hatua mbili, nikajaribu tena, nikaibua vipande vya vigae. Mara ya tatu likatoka na kipande cha bomba la plastiki, na hapo ndipo mama mwenye nyumba alipofungua dirisha.

"Mwanangu, unatafuta hazina?"

"Hapana mama, natafuta pa kupanda nyanya."

Alicheka, lakini alishuka. Bomba nililolikata lilikuwa chakavu, halipitishi kitu tangu zamani. Bomba linalofanya kazi, la maji machafu ya nyumba nzima, lilipita pembeni yake, kama shibiri moja tu. Nikiwaza ningesimama wapi leo kama koleo lingeenda kushoto kidogo, mwili unanisisimka.

Tukazungumza palepale, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kushika koleo kama ningekuwa na akili. Alikuwa na masharti yake. Nisichimbe wala kumwagilia karibu na ukuta wa nyumba, kwa sababu maji yanayosimama kwenye msingi hupandisha unyevu ndani. Nisipande mti. Kamba ya nguo ibaki ilipo. Siku nikihama, niache uwanja umesawazishwa kama nilivyoukuta. Jioni nikamwandikia hayo yote kwenye ujumbe wa simu, akajibu "sawa." Mwezi wa saba aliposahau kwamba aliniruhusu kuweka pipa la mboji, ujumbe ule ulituokoa wote wawili.

Sharti la ukuta lilinifaa kuliko alivyodhani. Rangi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, na zikibanduka, vumbi lake huishia kwenye udongo wa chini ya ukuta. Majani hulibeba, na mboga za mizizi ndizo zinazokaa ndani yake kabisa. Kwenye nyumba kuukuu, ule ukanda uache uwe njia ya kupitia.

Baada ya hapo sikushika koleo kwa majuma mawili. Nilianza na jua. Siku moja niliyokuwa nyumbani nilipiga picha ya uwanja kila saa, tangu asubuhi mpaka jioni, nikazipanga kwa mfuatano. Kona niliyoipenda, ile inayong'aa asubuhi, ilikuwa kivulini tangu saa tano. Kona ya tenki, ambayo niliidharau, ilipata jua tangu saa nne mpaka saa kumi, saa sita kamili. Mmea wa kuzaa matunda kama nyanya, pilipili au biringanya unataka saa sita hadi nane za jua. Mboga za majani huvumilia saa tatu au nne. Kwa hiyo ramani ya bustani iliamuliwa na picha zile, mimi nikafuata.

Kisha udongo. Nilijaza chupa ya kioo nusu kwa udongo uliopepetwa, nikaongeza maji, nikatikisa mpaka mkono ukachoka, nikaiweka dirishani. Mchanga hutua ndani ya dakika moja au mbili, tope laini hufuata kwa saa kadhaa, na mfinyanzi hukawia siku nzima au zaidi kabla maji hayajatakata. Kesho yake maji yalikuwa bado rangi ya chai ya maziwa. Nikachimba shimo la sentimita 30 mahali ambapo mama alinionyesha pana usalama, nikalijaza maji yakazama, nikajaza tena nikachomeka kijiti chenye alama. Udongo unaofaa hushusha maji sentimita mbili na nusu hadi tano kwa saa. Wangu ulishuka chini ya sentimita moja. Udongo wa kifusi, umekanyagwa na mafundi, juu yake mfinyanzi: mizizi ingezama kama mtu asiyejua kuogelea.

Ningeweza kuukarabati. Wenye mashamba yao huongeza mboji miaka mitatu, minne, na udongo ukalainika. Mimi nilikuwa na mkataba wa mwaka mmoja. Tangu siku ile kila kitu nilikipima kwa swali moja: siku ya kuhama, hiki kinakwenda au kinabaki? Kinachobaki kisinigharimu jasho jingi. Kinachokwenda, hicho ndicho nikitunze.

Ardhini nikaweka tuta moja tu, mita mbili kwa mita moja, nikalizungushia mbao na kulinyanyua sentimita 25 juu ya ule udongo mbaya. Humo mchicha, spinachi na figili, mimea ya mizizi mifupi inayolika haraka. Figili huwa tayari kwa takriban siku 25 hadi 30, na mchicha hauko mbali na hapo. Hata mwenye nyumba akikupa notisi ya mwezi, umevuna. Vingine vyote viliingia kwenye ndoo za lita 20, ndoo zilizowahi kubeba vyakula. Za rangi na za dawa niliziacha hata nilipopewa bure.

Kuhusu ndoo nina ugomvi mmoja na ushauri unaozunguka kila mahali: kokoto chini ya ndoo ili maji yatoke. Nilifanya hivyo kwenye tatu za kwanza, na hizo ndizo zilizooza mizizi. Maji hayapendi kuvuka kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto; hukaa juu ya mpaka huo mpaka udongo ushibe kabisa. Kwa hiyo kokoto zinapandisha tope karibu na mizizi na kukupunguzia udongo. Toboa matundu sita chini na mengine mawili ubavuni karibu na kitako, inyanyue ndoo juu ya matofali, basi. Udongo mtupu wa uwanjani nao usiutie peke yake, hushikamana ukawa tofali. Nilichanganya udongo, mboji na nyuzi za maganda ya nazi, karibu sawa kwa sawa.

Mboji ilinitia aibu. Juma la pili pipa lilinuka mpaka mama mwenye nyumba akaanza kupita kwa kuziba pua. Nilikuwa namwaga maganda ya jikoni matupu. Vitu vibichi vina naitrojeni nyingi, vikijibana bila hewa vinaoza vibaya. Vinataka wenzao wakavu wenye kaboni. Nikaongeza majani makavu na maboksi yaliyochanwa, beseni mbili au tatu za vikavu kwa moja ya vibichi, nikageuza lote kwa uma wa bustani. Harufu ikaisha ndani ya siku chache, na ukizamisha mkono katikati ulihisi joto. Ukikamua gao la mboji litoe tone moja au mawili, zaidi ya hapo imelowa mno. Nyama na vyakula vilivyopikwa sikutia kamwe. Panya mmoja akionekana uwanjani kwa watu, bustani yako imekwisha.

Kosa langu kubwa lilitokana na haraka. Nilipata gunia la samadi ya kuku, mbichi kabisa, nikaona bahati imenitembelea. Nikachanganya kwenye ndoo nne na kuatika miche jioni ileile. Siku ya tano kingo za majani zilikuwa za kahawia kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Samadi mbichi ya kuku ina amonia na chumvi nyingi, inaunguza mizizi. Na hata isipounguza, ina vijidudu vya kuumiza tumbo. Kanuni inayofuatwa na wakulima wa kilimo hai Marekani ni kusubiri siku 120 kati ya kuitia na kuvuna mazao yanayogusa udongo. Miche kumi na miwili ilikufa. Gunia likaenda kwenye pipa, likatoka miezi mitano baadaye likiwa limegeuka kitu chenye harufu ya msitu.

Miche ya pili ilikatwa na sota, viwavi wanaokata mashina usiku. Unalala mche umesimama, unaamka umelala chini kama umepitiwa na wembe, na mkataji amejificha kwenye udongo, amejikunja, sentimita mbili tu kutoka pale. Nilizungushia kila shina karatasi ngumu, nikaizamisha kidogo udongoni, sikupoteza mwingine.

Nyanya zikaja juu. Miche niliizika mpaka karibu na majani ya kwanza, kwa sababu shina la nyanya likifukiwa huota mizizi. Nikaifunga kwenye vijiti na kuchuma machipukizi ya kwapani. Matunda yakaning'inia, mimi nikaanza kujisifu kwa wageni. Halafu nikageuza moja nikakuta kitako kimeingia ndani, cheusi, kikavu kama ngozi. La pili hivyohivyo.

Jirani akasema ni ugonjwa, nipulize dawa. Mwingine akasema nitie maganda ya mayai, nikatia, sikuona tofauti. Maganda huchukua muda mrefu mno kuoza hata yamsaidie mmea wa leo. Kilichokuwa kinatokea ni kwamba kalisiamu husafiri na maji, na ncha ya tunda ndiyo ya mwisho kwenye foleni. Mimi nilikuwa naacha ndoo zikauke siku mbili, kisha nazifurikisha kwa hofu. Nikaanza kumwagilia kila asubuhi, kiasi kilekile, baada ya kuchomeka kidole mpaka kiungo cha pili kuona kama chini kumekauka, na nikafunika udongo kwa matandazo ya nyasi kavu. Matunda yaliyokwisha kuharibika hayakupona. Yaliyofuata yalikuwa safi.

Sisimizi ndio walionichekesha. Niliwaona wakipanda na kushuka kwenye pilipili siku nzima, nikadhani wanakula mmea. Nilipogeuza majani nikakuta vidukari wamejazana chini yake, wakifyonza utomvu na kutoa majimaji matamu, na sisimizi wakiwachunga kama ng'ombe, wakifukuza wadudu wenye madoadoa wanaowala. Nikawaosha vidukari kwa maji ya kasi, siku tatu mfululizo, nikazungushia kitako cha kila ndoo kisahani cha maji ili wachungaji wasipande. Wale wenye madoadoa wakamaliza kazi.

Karoti sina la kusema. Zilitoka na miguu miwili, mitatu. Mnanaa niliuacha ndooni kwake, na nakusihi ufanye vivyo hivyo, maana ukiuweka ardhini hutembea chini kwa chini mpaka kwa jirani.

Msiniulize kama niliacha kununua mboga. Sikuacha. Majani yalitosha kwa siku tatu au nne za juma, pilipili zilinizidi nikagawa, na nyanya zilipata miezi miwili mizuri.

Mkataba uliongezwa, na mwezi wa kumi na nne nikapata kazi mbali. Ndoo yenye udongo uliolowa inapita kilo 20, kwa hiyo siku moja kabla sikumwagilia. Pilipili na biringanya nilizipunguza matawi karibu theluthi, nikazifunga vijiti, na huko nilikokwenda zikakaa kivulini siku nne kabla ya kuona jua kali. Zote zilishika. Nyanya mbili zilivunjika njiani, lakini nilikuwa nimeshachukua mbegu: unakamulia ute wake kwenye kikombe cha maji, unauacha uchachuke siku mbili au tatu, unaosha, unakausha kwenye sahani. Hiyo ni kwa mbegu za asili tu. Za chotara zitakuletea watoto wasiofanana na mama yao.

Nilipoanza kung'oa mbao za tuta ili nisawazishe kama tulivyokubaliana, mama mwenye nyumba alinizuia. Mchicha ulikuwa umechipua upya. Akasema sharti lile amelifuta, nimwachie, na ndoo moja ya pilipili pia, kama haitanikera.

Majuma matatu baadaye simu ikalia usiku.

"Mwanangu, wale sisimizi wako wamerudi. Nipulize dawa?"

Nikamwambia asipulize kwanza. Achukue tochi, ageuze jani, aangalie chini yake.