Siku moja ya fundi umeme: redio ya volti 12 ndani ya Fuso ya volti 24

Saa 1 asubuhi. Fuso Fighter imelala hapa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, tangu jana jioni, na ndivyo ninavyotaka: betri zipimwe kabla dereva hajagusa ufunguo. Malalamiko ni mawili. Redio inajizima na kufuta stesheni kila gari likipigwa stata, na betri zilizonunuliwa miezi 7 iliyopita haziamki vizuri asubuhi. Dereva anayahesabu kuwa matatizo mawili. Ni moja.

Napima betri mojamoja. Ya juu, ile ambayo chanya yake inakwenda kwenye stata, inasoma volti 12.8. Ya ethi, ambayo hasi yake imefungwa kwenye chesisi, inasoma 12.1. Betri za umri mmoja zilizoungwa mfululizo hazipaswi kupishana kiasi hicho. Nafuata ile kebo fupi inayoziunganisha, sisi huiita daraja, na chini ya nati yake pamebanwa waya mwembamba mwekundu usio na fyuzi. Unapanda moja kwa moja mpaka kwenye redio.

"Fundi, si ndiyo volti 12 hiyo?"

"Ndiyo, kaka. Lakini redio inakula kwenye sahani moja, na alterneta inapakua sahani zote mbili sawasawa."

Mkondo wa kuchaji hupita betri zote mbili ukiwa uleule. Ya ethi imetumika zaidi, kwa hiyo hairudi kujaa; ya juu ilishajaa, inaendelea kusukumiwa. Nawasha injini kumwonyesha: jumla 28.2, ya juu 15.3, ya ethi 12.9. Alterneta inaiona ile 28.2 na kuridhika. Ndani, betri ya juu inachemka na kukausha maji, na ya ethi inaganda salfeti kwenye sahani zake za risasi. Ukinunua mpya bila kuutoa ule waya, zitakufa vilevile.

Saa 2. Kabla ya kukata umeme natafuta waya wa ACC nyuma ya dashibodi: hauna kitu ufunguo ukiwa umezimwa, una volti 24 ukizungushwa hatua ya kwanza. Nautia alama ya tepu. Usiamini rangi ya waya wa gari lililokwishapita mikononi mwa mafundi wanne, amini mita.

Halafu nafungua hasi ya chesisi kwanza, kisha daraja. Betri ya ethi inapata chaja ya volti 12 peke yake, kwa ampea 8. Kipima asidi kinasoma 1.190 katika seli zake zote sita, na hiyo ni habari njema: imeshuka pamoja, hakuna seli iliyokufa. Ni N100, yaani ya ampea-saa 100, na imeshuka hadi karibu nusu, kwa hiyo itakaa kwenye chaja mpaka alasiri. Ya juu naiongeza maji safi ya betri. Asidi hapana, kwa kuwa kilichopotea kwa kuchemka ni maji tu.

Saa 4. Konvata, kifaa cha kushusha volti 24 ziwe 12. Hapa ndipo watu wanapoibiwa, basi nitakaa kidogo. Redio ina fyuzi ya ampea 10 mgongoni. Kwa sauti ya kawaida hula ampea 2 hadi 4, lakini besi ikipiga hupanda. Ninachotaka ni konvata ya ampea 10 za kudumu. Ile "20A" iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi mara nyingi ni ya kilele, sekunde chache tu. Tena iwe na njia mbili za kutolea umeme: volti 12 ya kudumu, na nyingine inayotoka ACC ikifunguliwa.

Siifungi kabla ya kuijaribu mezani. Nachukua globu ya taa ya mbele, H4 ya volti 12, na kuwasha nyuzi zote mbili kwa pamoja, wati 60 na 55. Hapo ni karibu ampea 10. Naiacha dakika 20. Ya kwanza niliyoletewa inaanza na 13.8, dakika ya 6 imeshuka 11.9, na kasha lake halishikiki kwa kiganja. Inarudi dukani. Ya pili inabaki 13.5 na ina joto la chai iliyokaa. Hiyo ndiyo inayoingia garini.

Saa 6 mchana. Waya wa milimita 2.5 za mraba, mita 4 kutoka betri hadi kebini. Upande wa volti 24 konvata itavuta kama ampea 7 ikifanya kazi kamili, na hata ukihesabu kwenda na kurudi, kinachopotea njiani hakifiki nusu volti. Fyuzi ni ya ampea 10, ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye nguzo ya chanya ya betri ya juu. Fyuzi ni mlinzi wa waya. Ukiiweka kebini, mita zote zile za waya unaosugua chesisi zinabaki bila ulinzi.

Kebini ya Fuso hubinuliwa. Waya uliovutwa ukanyooka utakatika siku fundi wa injini atakapoibinua, kwa hiyo naupitisha kwenye bawaba pamoja na nyaya za kiwandani na kuuachia ulegevu uleule. Tundu la bati linavikwa mpira kabla waya haujapita.

Maungio yote ni ya tamino, vile vishikio vya chuma vya ncha za waya, na koleo la kubana. Solda hufanya waya kuwa mgumu pale inapoishia, na mtetemo wa lori huuvunja hapohapo. Kusokota na kufunga tepu ndiko kubaya zaidi: joto la dashibodi huyeyusha gundi, tepu inafunguka, shaba inabaki uchi.

Saa 8. Nyaya za redio. Njano kwenye volti 12 ya kudumu. Nyekundu kwenye ile inayotii ACC. Nyeusi kwenye hasi ya konvata, nayo konvata ina ethi yake kwenye boliti iliyokwanguliwa rangi mpaka bati likang'aa. Rangi ya machungwa, ya taa ya vitufe, naikata na kuifunika: taa za dashibodi ni volti 24, na ukiiunga humo unaichoma redio uliyoihangaikia siku nzima.

Spika zinanipa nusu saa zaidi. Redio ya zamani ilitumia hasi moja ya pamoja kwenye bodi ya gari. Redio za sasa haziruhusu hilo. Nyaya zote mbili za spika zina umeme, na mmoja ukigusa bodi redio inajizima au inaua amplifaya yake ya ndani. Navuta jozi mpya: nyeupe na nyeupe yenye mstari mweusi kushoto, kijivu na mwenzake kulia. Mita inasoma karibu omu 4 kwa kila spika, na kutoka kila waya hadi bodi haisomi mguso wowote.

Saa 10 jioni. Betri ya ethi imefika 1.260, karibu imejaa. Daraja linarudi, bila ule waya mwekundu, kisha hasi ya chesisi mwishoni. Injini inawaka na redio haitikisiki, lakini FM ina mluzi mwembamba. Nachomoa antena: mluzi umekoma. Basi unaingia kwa antena; ungebaki, ningerudi kwenye ethi. Konvata ilikaa nyuma tu ya redio, kebo ya antena ikipita juu yake. Naihamishia chini ya kiti cha utingo, kama mita moja mbali, mahali penye hewa. Kimya.

Saa 11 na nusu. Kipimo cha mwisho: kila kitu kimezimwa, mita imeungwa mfululizo kwenye hasi ya betri. Ampea 0.03. Kwa N100 hiyo ni kama ampea-saa 5 kwa wiki nzima ya kusubiri mzigo.

Injini ikiwaka, betri ya juu 14.3, ya ethi 13.9. Bado zinafuatana kwa mbali, njiani zinapaswa kukaribiana. Namwandikia dereva namba hizo kwenye kifuniko cha fyuzi, na chini yake: pima tena ukirudi kutoka Tunduma, zikipishana zaidi ya 0.3 ilete.