Dadu mbili na sita iliyohesabiwa mara mbili

Juzi usiku mpwa wangu wa kidato cha nne kaniletea swali la probabiliti, unarusha dadu mbili, uwezekano wa kupata angalau sita moja ni ngapi? Yeye kaandika 12/36, maana dadu ya kwanza ikitoa sita kuna matokeo 6, ya pili ikitoa sita kuna mengine 6, na kwa kweli ukisikia hivyo unakubali kabisa. Nikamwambia mjomba hebu chora. Tukachora jedwali la 6 kwa 6 nyuma ya daftari, viboksi 36, akapaka mstari wa sita kwa penseli halafu akashuka na safu ya sita, kufika kona ya chini penseli ikasimama, "anko, hiki si nishakipaka!"

Hapo ndo penyewe. Sita-sita kaihesabu mara mbili, jibu ni 11/36.

Mi napenda zaidi kuanzia upande wa pili, kukosa sita kabisa ni 5 mara 5, yaani 25, toa kwenye 36 inabaki 11. Ukiona neno angalau kwenye mtihani anza na kukosa. Dadu tatu kafanya mwenyewe, 216 toa 125, akapata 91/216.