Siku moja maishani mwangu: mtafiti wa huduma, Kigoma

Saa 12 asubuhi. Mtaani Mwanga, chai ya rangi, daftari mezani. Kazi yangu ni kuchunguza watu wanavyozipitia huduma: wanakwama wapi, wanakata tamaa wapi, wapi wanamwomba mtu baki awasaidie. Wiki hii nina mbili: malipo kwenye ofisi moja ya umma hapa mjini, na programu ya simu ya kukatia tiketi za basi, ya kampuni binafsi.

Saa 2. Nimefika ofisini. Saa nzima simuulizi mtu kitu. Nakaa benchi la nyuma nikihesabu nani karudi dirishani mara ngapi. Karibu wote wanarudi kwa sababu ya karatasi ileile.

Saa 3 na nusu. Mzee mmoja wa Ujiji kaishika mkononi. Ina namba ya kumbukumbu ya malipo, tarakimu 12 zilizobanana bila nafasi hata moja.

"Shikamoo mzee wangu. Unaniruhusu nikutazame unavyolipa? Jina lako siandiki."

"Marahaba. Kaa tu, mwanangu."

Namwomba aseme kwa sauti kila anachowaza, mbinu ambayo mtafiti Clayton Lewis aliileta kwenye utafiti wa kompyuta mwaka 1982, akiwa kampuni ya kompyuta ya IBM. Mzee anaweka ukucha wa kidole gumba chini ya tarakimu, anabonyeza tatu, anatazama simu, anarudi kwenye karatasi. Ukucha umeteleza. Ile 8 kaiandika mara mbili. Kabla hajaifuta, menyu imejifunga. Anaanza upya. Mara ya tatu anashusha simu: "Macho yangu yamekwisha, mwanangu."

Mara ya nne ikakubali. Hapo ndipo nikamwambia kosa si lake, ni la karatasi. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote katika kazi hii: mtu anahangaishwa na kitu kilichotengenezwa vibaya, kisha anajilaumu mwenyewe, na ofisi haipati malalamiko hata moja.

Saa 7. Ugali na migebuka, haraka haraka.

Saa 8 mchana. Stendi, na simu ya majaribio. Leo nina watu watano. Jakob Nielsen, mtafiti wa urahisi wa kutumia mifumo, alishaonyesha kwamba watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro, nami nimeliona hilo mara nyingi. Dada mmoja, muuza mawese, kakwama mara tatu kwenye kuchagua kiti. Alipomaliza nikamsomea dodoso la John Brooke la mwaka 1986 la kupima urahisi wa kutumia mfumo: sentensi 10, nusu zinausifu na nusu zinaulaumu, kila moja unaipa alama kuanzia 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa). Zote kazipa 5! Pamoja na ile inayosema mfumo ni mgumu bila sababu. Ukipiga hesabu anapata 50 kati ya 100, namba isiyosema lolote juu ya yale niliyoyaona. Ni heshima tu. Mgeni kaja na daftari lake, utamvunjaje moyo?

Nikaliweka dodoso pembeni. "Dada, mama yako nyumbani ungemfundishaje hii?"

Akacheka. "Mama? Mama nisingempa. Ukibonyeza kurudi, kiti chako kinapotea, unaanza moja. Angeitupa simu."

Sentensi hiyo nimeiandika neno kwa neno. Ndiyo itakayofungua ripoti ya kampuni, kabla ya jedwali lolote.

Saa 11 jioni. Nimerudi ofisini kuonana na dada wa dirishani. Nikamwomba tarakimu zichapwe nne nne. Akasema mpangilio wa karatasi unatoka makao makuu, yeye hawezi kuugusa. Akanyamaza kidogo, kisha akavuta kalamu nyekundu kwenye droo, akachora vistari viwili vya wima kwenye karatasi iliyokuwa mbele yake. Nne, nne, nne.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo, dada."

Kesho saa 2 nitakuwa benchi la nyuma, nikihesabu upya.